Skuta ya umeme ni pikipiki au mtembea kwa miguu? Na faili lililoandikwa "RTA" (ajali ya barabarani) tu nilifanyeje?

"Habari. Niko idara ya rekodi za wagonjwa, huu mwaka wa pili. Siku hizi kila wiki tunapokea watu walioumia na skuta za umeme zile za kusimama, baiskeli za umeme na baiskeli za kawaida. Faili likinifikia limeandikwa 'RTA, majeraha mengi' basi, hakuna kingine. Bosi wangu anasema zote nipige msimbo V19.9 maana ni baiskeli tu, mwenzangu anasema chochote chenye mota ni pikipiki. Wiki iliyopita bima wamerudisha madai manne. Halafu kuna mgonjwa kaniomba nifute sehemu iliyoandikwa hakuvaa helmeti na alikua anapeleka oda, anasema itamletea shida. Sasa skuta ni nini hasa, niandike nini, na nikiacha yale maandishi si nitakua namharibia mtu?"

Pole na kazi ndugu yangu, na kwanza nikutoe wasiwasi, swali lako halihusiani na uchanga kazini. Mimi nimekaa kwenye misimbo ya majeraha miaka mingi na hizi skuta bado kuna siku zinanisimamisha. (Wengine tulikua tunaita "kodi", nimeacha siku mgonjwa mmoja aliponiuliza kwani na hospitali nayo inamdai kodi.) Nikikusoma vizuri umefunga vitu vitatu kwenye fundo moja: chombo kiingie kundi gani, faili tupu ulitoe wapi ukweli, na maandishi yanayomuuma mgonjwa yabaki au yatoke. Nitayafungua yote ila sio kwa urefu sawa, maana la kwanza lina majibu kwenye kitabu, la pili ndo kazi yenyewe.

Tuanze na bosi wako na mwenzako. Wote wamekosea, ila kila mtu kakosea kivyake, na kosa lao linatokana na kukariri misimbo kama namba za simu. Ukifungua ICD-10, kile kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha misimbo ya magonjwa na majeraha, sura ya 20, ile ya visababishi vya nje, ajali za usafiri zinaanzia V01 mpaka V99, na zile sio orodha, ni jedwali lililokunjwa. Tarakimu ya kwanza baada ya V inakwambia aliyeumia alikua nani: 0 anatembea kwa miguu, 1 yuko kwenye baiskeli ya pedali, 2 yuko kwenye pikipiki, 3 yuko kwenye chombo cha mota cha magurudumu matatu, 4 yuko kwenye gari dogo, na kuendelea. Tarakimu ya pili inakwambia alikutana na nini: 1 baiskeli, 2 pikipiki au kile cha magurudumu matatu, 3 gari dogo au pikapu, 4 lori au basi, 5 treni, 7 kitu kilichosimama kama nguzo au ukuta, 8 hakugongana na chochote alianguka mwenyewe, 9 mengineyo na yasiyojulikana. Ukishashika hilo V13 inajisoma yenyewe, mtu wa baiskeli kakutana na gari. V23 mtu wa pikipiki kakutana na gari. V03 mtembea kwa miguu kakutana na gari. V11 baiskeli kwa baiskeli, V17 baiskeli kwa nguzo.

Baada ya nukta, kwa V10 hadi V18, .4 ni aliyekua anaendesha kwenye barabara ya umma, .5 ni abiria, .0 na .1 ni hao hao ila nje ya barabara ya umma, .3 ni aliyekua anapanda au kushuka, na .9 ni barabarani ila hatujui alikua anaendesha au kabebwa. Kama hakuna palipoandikwa ajali ilitokea wapi, kwa baiskeli ICD-10 inakuruhusu kuchukulia kuwa ni barabara ya umma, hapo huna haja ya kuumiza kichwa. Ila kumbuka V19 ina mpangilio wake tofauti, usihamishie .4 ya V13 kule ukadhani inamaanisha kitu kile kile.

Sasa V19.9 ya bosi. Ule msimbo maana yake mtu wa baiskeli kaumia kwenye ajali ya barabarani na hakuna kingine kinachojulikana. Sio haramu, upo kwa ajili ya mtu aliyeletwa hana fahamu, hana ndugu, aliyemleta keshaondoka. Lakini ukiupiga kwa kila mtu unachotangaza ni kwamba hospitali yenu haijui chochote kuhusu mgonjwa yeyote, hata yule aliyekaa pale benchi saa mbili anasimulia mwanzo mwisho jinsi lori lilivyombana. Kesho mtu wa mipango akija kuuliza ni wangapi waligongwa na lori na wangapi walianguka wenyewe kwenye kona, jibu halipo, na hao ni watu wa aina mbili kabisa ambao suluhisho lao halifanani. Hata aliyegongwa na gari likakimbia sio V19.9: kama aliona kuwa ni gari dogo, ni V13, kama anajua tu ni chombo cha mota ila hajui cha aina gani, ni V19.4 kama alikua anaendesha barabarani.

Mwenzako naye anasema chenye mota ni pikipiki. Kwa baiskeli ya umeme yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. ICD-10 inafafanua baiskeli kuwa ni chombo kinachoendeshwa kwa pedali peke yake, na baiskeli yenye mota imetajwa kwa jina kwenye kundi la pikipiki. Kwa hiyo mtu kapanda baiskeli ya umeme kagongwa na gari, kwa herufi za kitabu anaenda V23 sio V13, hata kama yeye mwenyewe atakuapia kwamba ile ni baiskeli. Wamarekani kwenye toleo lao, ICD-10-CM, waliliweka wazi kuanzia Oktoba 2022: ndani ya makundi ya V20 hadi V29 wakatenganisha baiskeli ya umeme na pikipiki nyingine, mfano V23.41 ni mwendesha baiskeli ya umeme kagongana na gari barabarani. Watu wanauliza, je kama betri ilikua imeisha anakanyaga tu pedali? Mimi nafuata chombo, siifuati betri, ila naandika kwenye maelezo kuwa mota ilikua imezimwa.

Skuta ndo balaa. Tatizo linaanza kwenye neno lenyewe, maana sisi tukisema "skuta" inaweza kuwa ile ya kukalia yenye kiti, inaweza kuwa ya mtoto ya kusukuma kwa mguu, inaweza kuwa hii ya umeme ya kusimama. ICD-10 nayo ina skuta mbili: skuta ya mota ipo kwenye pikipiki, na skuta ya kawaida ipo pamoja na roleskate, skeitibodi, kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu, vitu ambavyo mtumiaji wake anahesabiwa kama mtembea kwa miguu. Ya umeme ya kusimama haikutajwa kwa sababu ICD-10 ilipitishwa 1990, nani alikua nayo wakati huo? Wamarekani wakaamua kuanzia Oktoba 2020 kuwa anayesimama juu ya skuta ya umeme ni mtu wa miguu aliye kwenye kifaa, wakaipa misimbo yake: V00.841 ni kuanguka kutoka kwenye skuta ya umeme ya kusimama, V00.842 ni kugonga kitu kilichosimama, V03.131 ni kugongana na gari barabarani, na V00.031 ni ya yule mwenda kwa miguu masikini aliyegongwa na mtu wa skuta. ICD-11, ambayo ilianza kutumika rasmi Januari 2022, imewapa watumiaji wa vifaa vya aina hiyo sehemu yao, PA01, pembeni ya watembea kwa miguu PA00, watu wa baiskeli PA02 na wa pikipiki PA03.

Kwa hiyo jibu langu fupi: ya kusimama ni mtu wa miguu mwenye kifaa, ya kukalia yenye mota ni pikipiki, baiskeli ya umeme iko upande wa pikipiki, baiskeli ya pedali ni baiskeli. Anayesukuma baiskeli yake huku anatembea sio mwendesha baiskeli, ni mtembea kwa miguu, hili watu wanalisahau sana.

Ila subiri, kuna shimo hapa. Kama unatumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani na sio ya Marekani, V00 haipo kabisa. Na rudi kwenye jedwali: watembea kwa miguu, zile V0, wana kugongana tu, hawana ile 8 ya kuanguka bila kugongana. Kwa hiyo mtu akianguka peke yake na skuta ya umeme, ambayo ndo ajali utakayoiona mara nyingi, anaweza kuishia kule W00 hadi W19 kwenye maanguko, kapangwa pamoja na bibi aliyeteleza bafuni, na ripoti ya ajali za usafiri haitamuona milele. Hapa una njia mbili na zote zina bei. Ukifuata kitabu anapotea kwenye usafiri, ukimpeleka V28 kwenye pikipiki ili asipotee umemgeuza kitu ambacho sio na umeharibu takwimu za pikipiki. Mimi nashauri mfuate kitabu na uamuzi wa wizara yenu kama upo, halafu muongeze kisanduku kimoja kwenye fomu ya mapokezi, chombo gani: baiskeli ya pedali, baiskeli ya umeme, skuta ya umeme ya kusimama, skuta ya kukalia, nyingine. Kisanduku hicho hakiendi bima, kinakaa kwenye mfumo wenu, na siku mkihitaji kuwatafuta mtawapata. Cha muhimu uamuzi uandikwe kwenye karatasi na kila mtu aufuate, maana chumba chenye watu watatu wanaoweka misimbo mitatu kwa skuta moja ni kibaya kuliko uamuzi wenye makosa.

Sasa yale madai manne. Sijayaona, kwa hiyo nasema kwa uzoefu: ningeanza kukagua kama V imewekwa mbele. Mgonjwa aliye hai analipiwa matibabu ya jeraha, kwa hiyo cha kwanza ni S au T, misimbo ya majeraha yenyewe, sura ya 19, na V inafuata nyuma kama maelezo ya jinsi alivyoumia. Kwenye kifo mambo yanageuka, chanzo cha msingi cha kifo ni ile ajali yenyewe, yaani V, na S inaeleza jeraha lililomuua. Watu wanaotoka kuandika vyeti vya vifo wakihamia bima huwa wanakuja na mazoea hayo. La pili ningekagua hayo "majeraha mengi". Ukiyaandika hivo hivo yanakupeleka T07, majeraha mengi yasiyobainishwa, na mtu wa bima akiona T07 halafu chini yake kuna bili ya siti skani na upasuaji wa mkono anajiuliza kwani upasuaji umefanywa wapi, kwenye "mengi"? Anarudisha, na kwa kweli simlaumu.

Kila jeraha litajwe. Mtulinga uliovunjika ni S42.0, mfupa wa mkono karibu na kifundo ni S52.5, mtikisiko wa ubongo ni S06.0, taya la chini kuvunjika ni S02.6, jino S02.5. Kama fuvu limepasuka na ndani ya kichwa kumeumia, jeraha la ndani ndo linatangulia. Michubuko iliyo juu ya sehemu ile ile iliyovunjika usiitolee jasho. Mfupa kama hakuna aliyeandika umetoka nje ya ngozi au la, ICD-10 inauhesabu kuwa haukutoka, na hapo ndo mgonjwa mwenye kidonda wazi anavyogeuka kuwa mwenye mvunjiko mdogo kwa sababu tu daktari alikua na haraka. Upande nao uandikwe, kulia au kushoto, hata kama toleo unalotumia halikulazimishi.

Nije kwenye faili tupu. Msimbo hauwezi kuwa mzuri kuliko sentensi iliyoandikwa saa ya kwanza, na ile sentensi huiandiki wewe, anaiandika nesi au daktari aliyesimama mbele ya mtu anayetoka damu. Kwa hiyo kazi yako kubwa sio kutafuta msimbo, ni kumfanya yule mtu aandike maneno ishirini zaidi. Shida hata lugha yetu inachangia: mgonjwa akija anasema "nimeanguka na baiskeli", na kweli ameanguka, ila kabla ya kuanguka kioo cha gari kilimpiga kiwiko. Neno "kuanguka" limemeza gari zima. Ukiandika alivyosema ni V18, ukiuliza swali moja zaidi, "kabla hujaanguka kuna kitu kilikugusa?", inakua V13. Na "nimepata ajali" ndo mbaya zaidi, haina hata baiskeli ndani.

Ona tofauti. Faili la kwanza: "RTA, maumivu ya bega, apewe dawa." Faili la pili, mgonjwa yule yule: "Mwanamke miaka 34, alikua anaendesha baiskeli ya pedali peke yake kwenye barabara ya lami, anapeleka oda ya chakula kwa malipo. Gari dogo lililokua limeegeshwa likafunguliwa mlango mbele yake, akaugonga kwa bega la kulia akatupwa chini, 19:40. Helmeti alivaa, imepasuka upande wa kulia. Hakupoteza fahamu, anakumbuka kila kitu, GCS (kipimo cha fahamu) 15. Hakuna harufu ya pombe, hakupimwa. Mtulinga wa kulia umevunjika katikati, ngozi nzima, mishipa na vidole viko sawa. Tumbo laini." Hapo mimi nakaa na chai yangu naweka S42.0 ya mvunjiko uliofungwa, V13.4, na tarakimu ya shughuli 2 ambayo ni kazi ya kulipwa. Mlango wa gari mimi nauhesabu gari, sio kitu kilichosimama, ndo maana V13 na sio V17. Hakuna nilichokisia. Na mwandishi katumia dakika moja na nusu labda.

Kitu kidogo kwenye mfano huo, saa. Mgonjwa wetu akisema "saa moja na dakika arobaini" hajasema 1:40, kasema 19:40 au 7:40, na nimeshaona faili lenye mtu aliyeumia 1:40 usiku wa manane kumbe alikua anatoka kazini jioni. Muulize asubuhi au jioni halafu uandike kwa saa 24.

Helmeti haina msimbo kwenye ICD-10, isipoandikwa kwa maneno imepotea. Andika ilivaliwa, haikuvaliwa, au haijulikani, na "haijulikani" ni jibu halali kabisa, ila kuacha wazi sio jibu. Wakati mwingine watu wanaacha wazi halafu msomaji wa baadae anasoma ukimya kama "hakuvaa". Pombe hivyo hivyo. "Amelewa" sio maandishi ya kitabibu, ni hukumu, na mtu aliyeumia kichwa anaweza kuyumba na kuongea ovyo bila kuonja hata tone. Kama damu imepimwa andika kiwango na saa iliyopimwa, hapo kuna Y90. Kama haikupimwa andika kilichoonekana na kwamba haikupimwa. Wewe wa rekodi usijaze Y90 wala Y91 (ile ya ulevi ulioonekana kwa macho) kwa sababu umesoma "alitoka baa".

Nikusimulie moja, kwa nini nasisitiza "kilikupiga nini na wapi". Zamani kidogo, kwenye hospitali moja niliyofanya kazi, aliletwa mvulana wa miaka tisa aliyeanguka na baiskeli. Faili: "ameanguka, michubuko, aende nyumbani." Siku ya tatu karudi anatapika, tumbo gumu, hataki kuguswa. Kongosho limeumia, S36.2. Daktari wa pili alipomfunua akakuta alama ya duara juu ya kitovu, ndogo kama kifuniko cha chupa, imeshaanza kuwa njano. Ile ni ncha ya hendeli. Mtoto akianguka hendeli inageuka inamchoma tumboni, nguvu yote inapita sehemu ndogo, ngozi inabaki haina kitu cha kutisha ila ndani kongosho, utumbo, ini au bandama vimebanwa dhidi ya uti wa mgongo, na dalili zinaweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Mama yake alisema siku ya kwanza kwamba hendeli ilimpiga. Alimwambia mtu wa mapokezi. Hakuna aliyeandika. Alipona, ila mimi tangu siku hiyo neno "hendeli" nikilikosa kwenye faili la mtoto mwenye maumivu ya tumbo nalirudisha faili hilo siku hiyo hiyo, sisubiri mwisho wa wiki.

Kurudisha kwenyewe kuna adabu yake. Usimpelekee daktari karatasi imeandikwa "je mgonjwa aligongwa na gari?", hapo umemlisha jibu na bima wakiikuta wana haki ya kukushangaa. Uliza wazi: "Tafadhali eleza alikua kwenye chombo gani na tukio lilitokeaje." Akijibu, ajibu kwenye faili kama nyongeza, yenye tarehe na saa ya siku anayoandika na sahihi yake, sio kubana maneno pembeni ya ukurasa wa wiki iliyopita kwa kalamu ya rangi nyingine. Na wewe usikamilishe faili kwa kumpigia mgonjwa simu mwenyewe wala kwa ulichosikia getini, hata kama ni kweli. Kama hatakumbuka, basi, piga ule wa "isiyobainishwa" kwa amani, hapo ndo kazi yake.

Sasa yule anayetaka ufute. Namuelewa, labda kazi haijamwandikisha vizuri au anaogopa fidia itapungua. Lakini usifute. Kwanza sio maandishi yako, ni ya aliyemtibu, na faili lililofutwa linamdhuru mgonjwa kuliko lililosema ukweli, maana siku likifika mbele ya wakili au mkaguzi, sehemu iliyofutwa inafanya hata zile za kweli zisiaminike. Na kuna upande ambao yeye haujui: ile "alikua anapeleka oda" ndo inayoonyesha kuwa aliumia kazini, na ikitoka, mlango wa madai ya kuumia kazini unaweza kufungwa na yeye mwenyewe ndo kaufunga. Unachoweza kumpa ni haki yake ya kusahihisha. Kama maandishi ni ya uongo, mfano alivaa helmeti na ikaandikwa hakuvaa, aombe kwa maandishi, mtabibu aweke nyongeza, na la zamani libaki linasomeka. Nani aruhusiwe kuliona faili hilo ni swali lingine, na hapo usijibu kwa kichwa chako wala kwa kichwa changu, mpeleke kwa mkuu wa rekodi au mwanasheria wa hospitali, kwa sababu sheria za kutoa taarifa za mgonjwa sio sawa kila nchi na makosa yake ni ya mahakamani. Fanya hivyo hivyo ukiona dalili kwamba hakugongwa kwa bahati mbaya. Mtu aliyegongwa na gari makusudi hayupo V tena, yuko kwenye mashambulio, Y03, na huo uamuzi sio wa mtu mmoja kwenye kompyuta.

Na kama unayesoma hapa sio wa rekodi bali ndo uliyeanguka mwenyewe: kichwa kikizidi kuuma, ukitapika, ukiwa na usingizi usio wa kawaida, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au tumbo linauma baada ya hendeli kukupiga, acha kusoma nenda hospitali leo, na ukifika sema kilichokupiga, sio "nimeanguka" tu.

Kwako wewe, kabla hujagusa misimbo ya yale madai manne chukua mafaili yenyewe, kaa na nesi wa zamu ya dharura nusu saa, mwonyeshe moja moja palipokosa sentensi. Ukibadilisha S na V bila faili kubadilika umehamisha tatizo tu, na mara ya pili bima hawarudishi, wanakuja kukagua. Halafu muombe bosi akuruhusu uweke kile kisanduku cha chombo kwenye fomu ya mapokezi. Akisema hakuna nafasi kwenye fomu, mwambie itoke ile mistari ya "maoni mengine" ambayo hakuna mtu ameijaza tangu fomu ichapwe.